Karamu ya Krismasi na Mbegu ya Nyanya

Ndugu mkulima, Desemba yaja, na shule zikiisha kufungwa najua mambo yatakayokuwa nyumbani kwako. Wa Nairobi watapiga simu kwamba wako njiani. Watoto wataanza kuwahesabu kuku na kubishana ni jogoo gani atakayechinjwa. Ninyi wa Muhoroni, Koru na Songhor, ambao wazee wenu walipewa viwanja katika miaka ya 1960, mnakaa na majirani wa koo nyingi, na sikukuu ndiyo siku ya kuketi nao kwenye sahani moja. Sitaki kuwazuia. Mimi nilikulia katika karamu hizo na nilizipenda mno. Lakini nina jambo moja la kuungama, na kila nikiandika orodha ya mbegu hapa ofisini hunirudia moyoni.

Nyumbani kwetu ni Otonglo, sokoni kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Otonglo kwa Kijaluo ni ile sarafu ya senti kumi; wazee walikuwa wakitutania kwamba ndiyo bei yetu. Boma lilikuwa la nyanya yangu, mjane, na Krismasi jamaa wote walikuja kwake. Baba mkubwa alitoka Mombasa na mikate iliyokwisha kupondeka garini. Wavuvi wa Usoma, marafiki wa marehemu babu, walileta ngege wabichi waliofungwa kwa kamba ya majani. Nyanya alikuwa amelaza dek, yaani mgagani, katika chungu chenye maziwa siku mbili nzima mpaka uchungu ukapungua. Palikuwa na kuku, na firigisi ilikuwa ya baba mkubwa, wala hakuna aliyethubutu kuigusa. Sisi watoto tulikula nje juu ya mkeka, na mwenye mikono mirefu ndiye aliyeshiba.

Chakula hasa, hata hivyo, kilikuwa ugali wa mtama mwekundu. Bila huo, mgeni alisema amekula mboga tu.

Krismasi ya mwaka 2001 nilikuwa na miaka kumi. Mtama uliovunwa Agosti ulikuwa umekwisha kuuzwa sehemu kubwa kwa ajili ya karo ya Januari. Wageni waliotazamiwa walikuwa kumi na watano. Wakaja zaidi ya thelathini. Ilipofika saa saba mchana unga ukaisha. Kinu cha sokoni kilikuwa kimefungwa na maduka vivyo hivyo. Nyanya alikuwa nje akiwapokea watu. Shangazi akanivuta jikoni, akaelekeza kidole juu ya meko, palipotundikwa mafungu ya masuke yaliyokuwa meusi kwa moshi.

“Panda,” akasema. “Teremsha yale.”

Nilijua ni nini. Mwezi wa Agosti mimi mwenyewe nilikuwa nimemshikia nyanya kikapu, alipopita shambani kabla ya wavunaji akichagua masuke makubwa ya mashina yenye nguvu. Aliniambia kwamba moshi huwafukuza fukusi, na kwamba hayo si chakula. Lakini shangazi aliniahidi paja la kuku. Nikapanda juu ya kigoda, nikateremsha mafungu yote manne. Akayapura, akayapepeta, akasaga juu ya jiwe upesi upesi, akachanganya na unga wa muhogo.

Wageni waliusifu ugali ule. Nyanya alikata tonge moja, akalitia kinywani, akaacha kutafuna. Ulikuwa na harufu ya moshi. Akatazama upande wa jikoni, kisha akameza, akaendelea kumwongezea mgeni mboga. Hakusema neno siku ile wala siku iliyofuata. Paja nililila, na nakumbuka halikuwa na ladha.

Februari ilipofika, nyanya hakwenda kuomba mbegu kwa mtu. Yeye ndiye aliyezoea kugawia wengine, aliona haya. Akanunua mtama wa chakula katika soko la Kibuye, mweupe, mzuri wa macho. Ukaota, ukastawi, majirani wakampongeza. Mwezi wa Juni, punje zingali laini zenye maji meupe ndani, ndege wakashuka. Tulikaa shambani tangu alfajiri tukipiga madebe na kurusha mawe kwa teo, lakini wapi. Mahali tulipozoea kupata magunia sita tulipata gunia moja na nusu. Krismasi ya 2002 baba mkubwa aliambiwa asije na watu.

Yafaa uelewe sababu yake. Mtama mwekundu wa kwetu una ukakasi katika punje zake, na ndege huuacha wakipata mwingine. Mweupe ni mtamu kwao kama ulivyo kwetu. Ndiyo maana Seredo, wenye punje za kahawia, hauliwi sana na ndege, na Gadam mweupe, unaonunuliwa na viwanda vya bia, wataka mlinzi. Basi tenga mbegu yako kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi, na mwonyeshe kila mtu wa nyumbani ilipo, hasa wapishi. Nasema mbegu ya mtama. Mahindi ya mbegu chotara usiyatundike. Mbegu yake hununuliwa kila msimu, maana ukiipanda tena mazao hupungua. Kama jiko lako siku hizi ni la gesi na halina moshi, kausha punje vizuri, zichanganye na majivu makavu, utie katika debe lenye mfuniko unaobana.

Nyanya alimeza haya yake mwezi wa Agosti mwaka ule wa 2002. Akaenda kwa dada yake huko Seme, ambaye zamani alikuwa amempa mbegu ile ile. Akarudi jioni na mafungu matatu ya masuke mekundu ndani ya leso. Shangazi alikuwapo uani, naye akainuka ayapokee. Nyanya akampita, akaniita mimi jikoni, akakiweka kigoda chini ya meko.

“Nyakwara,” akasema, “wewe waijua njia ya kule juu.”

Nikapanda, naye akakishika kigoda kisiyumbe.