Subira si ngojangoja: Familia na ununuzi wa kompyuta mpakato



Ndugu msomaji, leo tuzungumzie jambo ambalo wazee wetu hawakulijua lakini sasa limeingia katika mazungumzo ya nyumba nyingi, hasa kila inapokaribia miezi ya vyuo kufunguliwa. Ni ununuzi wa kompyuta mpakato. Je, familia inunue sasa, au isubiri?

Huenda ukasema kuwa hilo ni suala la dukani, si la ukurasa wa Ijumaa. Lakini panapotajwa fedha za familia, hapo hapo zimetajwa amana, deni, israfu na uadilifu baina ya watoto, na yote hayo dini yetu imeyawekea mipaka.

Mfano wa familia ya Jipe

Tuchukue mfano wa familia inayoishi kando ya Ziwa Jipe, upande wa Mwanga, chini ya Milima ya Upare. Baba anavua perege na kufuga mbuzi wachache. Mama, ambaye asili yake ni milimani Same, ananunua tangawizi huko kwao na kuiuza mnadani. Ziwa lenyewe ni la kina kifupi na magugu yamefunika sehemu kubwa, hivyo siku za nyavu kurudi tupu si chache. Kwa kubana matumizi miaka miwili, na kwa kuuza mbuzi, wamefikisha shilingi 700,000.

Watoto wawili wanaziangalia fedha hizo. Binti yuko mwaka wa tatu chuoni na anaandika ripoti ya utafiti. Mdogo wake wa kiume amechaguliwa kuingia mwaka wa kwanza. Kijana anasema kuwa wenzake wote wanakwenda na kompyuta mpya, naye ataonekana mshamba. Binti hasemi mengi. Anaazima kompyuta ya mwenzake usiku, mwenyewe anapolala, na kuirudisha alfajiri. Baba amesikia kwamba bei zitashuka mwakani, hivyo anataka wote wangoje. Baba mdogo anashauri wakope, zinunuliwe mbili mpya, "mambo yaishe."

Nani asikilizwe?

Je, bei zitashuka?

Tuanze na hoja ya baba, kwa sababu si ya kipuuzi. Mwaka 1965 mtaalamu wa Marekani, Gordon Moore, alieleza kuwa idadi ya vijenzi katika kipande kimoja cha saketi ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 alirekebisha makadirio hayo kuwa kila miaka miwili. Kwa miongo mingi mwendo huo ulimpa faida aliyengoja, kwani kwa fedha zile zile alipata mashine yenye nguvu zaidi. Lakini maana yake ni kwamba mashine bora zaidi ilikuwa njiani kila siku. Anayengoja hadi iliyo bora itoke hatanunua kamwe.

Isitoshe, bei haina ahadi. Kati ya 2020 na 2022 dunia ilikumbwa na uhaba wa vijenzi vya kielektroniki, sambamba na janga la korona. Mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu za kompyuta ilipanda tena kwa kasi, kwa kuwa viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye mitambo mikubwa ya akili mnemba. Aliyengoja mwaka huo kwa matumaini ya nafuu alikuta bei imepanda.

Hata ahadi za wakubwa huchelewa. Mwaka 2005 Profesa Nicholas Negroponte alitangaza mpango wa kompyuta ya mtoto kwa dola 100 za Marekani. Ilipoanza kuzalishwa mwaka 2007 bei yake ilikaribia dola 200. Nchi kama Rwanda zilinufaika nayo, lakini bei ile iliyoahidiwa haikufikiwa. Karibu zaidi nasi, ng'ambo ya Ziwa Jipe, katika Kaunti ya Taita Taveta na Kenya nzima, watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa kompyuta mpakato mwaka 2013. Zabuni ikabatilishwa, mpango ukabadilishwa, na vifaa vilipoanza kusambazwa mwaka 2016 vilikuwa vishikwambi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ya ahadi alikuwa amekwishafika darasa la nne. Masomo hayakumngoja.

Basi swali la "bei itashuka lini?" halina jibu la kutegemewa. Linalofaa kuulizwa ni hili: kuna kazi gani leo inayosimama kwa kukosa kifaa hiki?

Haja na pambo

Wanazuoni wetu, akiwemo Imam Ghazali na baada yake Imam Shatibi, waliyapanga maslahi ya mwanadamu katika daraja tatu: dharura, ambayo pasipo nayo maisha huharibika, haja, ambayo pasipo nayo huja tabu na uzito, na tahsini, yaani ya kupendezesha. Kompyuta haikai katika daraja moja kwa watu wote. Kwa binti anayeandika utafiti kwa saa za kuazima, akihatarisha kuchelewa kuhitimu, ni haja iliyo wazi. Kwa mdogo wake, ambaye muhula wa kwanza anaweza kutumia maabara ya kompyuta ya chuo na daftari lake, bado ni karibu na pambo, ingawa huenda mwakani ikawa haja kwake pia.

Katika Suratul Furqan (25:67) Mwenyezi Mungu anawasifu waja Wake ambao katika kutoa kwao hawavuki mpaka wala hawafanyi ubakhili, bali hukaa katikati. Tutambue kuwa aya hiyo inaonya pande mbili. Anayenunua kwa kuogopa macho ya watu amevuka mpaka, na anayezuia fedha wakati mwanawe anakwama naye amekosea, hata kama anajiita mwenye subira.

Uadilifu baina ya watoto

Hapa baadhi ya wazazi huingiwa na shaka: nikimnunulia mmoja, sijamdhulumu mwingine? Tunajua kisa cha Nu'man bin Bashir (RA), ambaye baba yake alimpa zawadi na kumwendea Mtume (SAW) awe shahidi. Mtume alimuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wake, na alipojibu hapana, alikataa kushuhudia.

Wanazuoni hutofautisha kati ya zawadi na matumizi ya lazima. Zawadi husawazishwa. Matumizi hufuata haja ya kila mtoto kwa wakati wake, kama vile anayeumwa anavyonunuliwa dawa na mzima asinunuliwe. Kwa hiyo kumtanguliza binti si upendeleo, madhali baba anatamka mbele ya wote kuwa zamu ya kijana itafika haja yake itakapofika. Dhuluma ni ile tunayoiona mara nyingi: wa kiume anatangulizwa kwa kuwa ni wa kiume na sauti yake ni kubwa, na wa kike anaachwa kwa sababu amenyamaza.

Tahadhari ya deni

Rai ya baba mdogo ndiyo ya hatari zaidi. Siku hizi kumezuka mikopo ambayo wananchi wenyewe wameiita "kausha damu." Tuseme mtu amekopa shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Baada ya miezi mitano riba peke yake imefika 500,000, na deni la asili bado limesimama. Riba ni haramu, na hata asiyejali uharamu wake ataiona hasara hiyo kwa hesabu za kawaida. Mtume (SAW) alikuwa akiomba kinga dhidi ya deni, akieleza kuwa mwenye deni husema akaongopa na huahidi akavunja. Nao Waswahili husema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Ama kununua kwa malipo ya awamu, jumhuri ya wanazuoni wameruhusu iwapo bei imekatwa tangu mwanzo na haiongezwi mnunuzi anapochelewa. Basi soma mkataba kabla ya kutia saini. Makubaliano yaandikwe, kama tulivyoelekezwa katika Suratul Baqara (2:282).

Na kwa wanafunzi: fedha za chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo zimetolewa kwa kazi hiyo, nazo ni deni litakalolipwa. Kuzimalizia dukani wiki ya kwanza na kushinda njaa wiki zilizobaki ni kuudhulumu mwili, na mwili wako una haki juu yako.

Mpya au mtumba?

Kwa fedha walizonazo, huenda familia yetu ikaangukia kwenye kompyuta iliyokwishatumika. Hapana ubaya, lakini ichunguzwe. Iwashwe na kuachwa ifanye kazi bila waya, ili ijulikane betri inadumu muda gani, maana umeme unapokatika betri ndiyo tegemeo. Vibonyezwe vitufe vyote, zitazamwe bawaba za kioo na tundu la chaji. Kumbukumbu ya GB 8 na diski ya aina ya SSD zinatosha kwa kazi nyingi za chuo. Iulizwe pia umri wake: Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2017 hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine ya namna hiyo bado inaweza kutumia Linux, ambayo ni ya bure, lakini mnunuzi ajue hilo kabla ya kulipa.

Muuzaji naye ana wajibu. Mtume (SAW) aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa, akamuuliza mwenye mali kwa nini asiuweke unyevu ule juu watu wauone. Betri iliyochoka ni unyevu wa leo. Anayeificha ameghushi.

Hitimisho

Wapare wa milimani walijenga ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku ili mashamba yamwagiliwe mchana. Ndiva ikifunguliwa kabla ya kujaa, maji hayafiki shamba la mwisho. Ikijaa na isifunguliwe, maji yanamwagika bure, na mahindi yanakauka.

Familia yetu ya Jipe imekwishajaza ndiva yake. Haja ipo, fedha ni za halali, wala hapana deni. Baada ya kushauriana na kuswali istikhara, wamnunulie binti sasa, ya mtumba iliyokaguliwa vema. Kilichosalia kiwe mwanzo wa akiba ya kijana, naye atumie maabara ya chuo bila kuona haya. Kijana kungoja hapo ndiyo subira, nayo huvuta heri. Lakini kumwambia binti angoje bei ishuke ni ngojangoja, na ngojangoja huumiza matumbo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu, atuepushe na madeni, na awafanye watoto wetu kuwa wenye elimu yenye manufaa. Amin.