Sungura waliokimbia makao yao



Vijana wengi wanatuomba kitabu cha kusoma. Tunawashauri «Watership Down», riwaya ya Mwingereza Richard Adams iliyotoka mwaka 1972. Tafsiri ya Kifaransa ya mwaka 1976 inaitwa «Les Garennes de Watership Down». Adams aliianza kama hadithi ya kuwasimulia binti zake wawili ndani ya gari.

Sungura mdogo, Fiver, anahisi kwamba hatari inakuja. Mkubwa wao hasadiki. Wachache wanakimbia usiku pamoja na kaka yake, Hazel, na kweli, nyuma yao watu wanaziba mashimo na kuyatia sumu ili wajenge nyumba. Njiani kuna mto, mbwa, mitego, na wenyeji wanaowapa chakula kingi huku wakificha siri. Safari ya namna hiyo ninyi mnaijua. Hazel hawazidi wenzake nguvu, lakini anamsikiliza kila mmoja.

Baadaye Jenerali Woundwort anakuja kuwashambulia. Hazel anamwendea, anamwomba wajenge makao mapya ya sungura wa pande zote mbili. Jenerali anakataa, vita vinaanza. Vikiisha, makao hayo yanajengwa kweli. Waulizeni vijana kwa nini jenerali alikataa. Majibu yao yatawashangaza.

Mapigano ni makali. Mtoto aliyeona vita asiachwe peke yake na kurasa hizo. Mzazi azisome kwanza. Asiyejua kusoma asimuliwe jioni, kama sisi tulivyosimuliwa habari za Sungura mjanja.