Ukibonyeza "Jibu", Barua Pepe Yako Inamfikia Nani?

Chama cha wakazi wa Makina, Kibera, au kikundi cha vijana wa Gatina, Kawangware, kinaweza kufungua anwani moja ya barua pepe ya kikundi. Ujumbe ukitumwa kwa anwani hiyo, mfumo huusambaza kwa kila mwanachama aliyesajiliwa. Njia hii inaokoa muda, lakini ni vyema mkazi ajue jibu lake litaishia wapi.

Barua pepe ya kikundi hubeba anwani tatu. Ya kwanza ni ya mtumaji, ile unayoiona juu ya ujumbe. Ya pili ni anwani ya majibu, ambayo kwa kawaida huioni mpaka ubonyeze "Jibu". Ya tatu hupokea taarifa kwamba ujumbe umeshindwa kufika, kwa mfano pale sanduku la mwanachama linapojaa. Taarifa hizo humwendea msimamizi wa kikundi, si aliyeandika.

Msimamizi ndiye huamua kama majibu yatamfikia mwandishi peke yake au kikundi kizima. Hapo ndipo penye hatari. Mzazi anayejibu tangazo la basari kwa kuandika nambari ya kitambulisho na jina la shule ya mtoto anaweza kudhani anamwandikia katibu, kumbe wanachama wote wanasoma. Ujumbe uliokwisha kuwafikia hauna namna ya uhakika ya kuurudisha.

Huenda pia umeona jina la mtu unayemfahamu likiambatana na anwani ya kikundi badala ya yake. Mwaka 2014 kampuni ya Yahoo ilikaza masharti ya kuzuia watu kughushi anwani za watumaji. Kwa sababu hiyo, mifumo mingi ya vikundi ilianza kuweka anwani ya kikundi mahali pa mtumaji. Hata hivyo, usiamini jina pekee, kwani yeyote anaweza kuandika jina lolote. Soma anwani yote.

Zipo pia anwani za kutuma matangazo tu, ambazo majibu yake hayasomwi na mtu. Ukituma huko maoni yako kuhusu bajeti ya kaunti, huenda yasizingatiwe. Yatume kwa anwani iliyotajwa ndani ya tangazo lenyewe, kabla ya siku ya mwisho.

Mkazi anashauriwa:

• Kusoma mstari wa mpokeaji kabla ya kutuma.
• Kuandika ujumbe mpya kwa mhusika mmoja iwapo jambo ni la siri.
• Kutobonyeza "Jibu wote" bila sababu.

Viongozi wa vikundi wanaowaandikia watu wengi bila mfumo wa kikundi waweke anwani zao kwenye sehemu ya Bcc, ili wapokeaji wasionane. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mkazi ambaye taarifa zake zimetumiwa vibaya anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.