Mtumishi wa Nyumbani na Karatasi Yake

Katika nyumba nyingi za Wakristo na za waalimu yumo mtu mmoja aamkaye kabla ya wengine wote, na kulala baada yao. Ndiye awashaye moto, atekaye maji, na kumbeba mtoto mama aendapo shuleni kufundisha. Twamwita binti, au dada, au kijana wetu. Na kwa kuwa twamwita hivyo, twasahau kwamba yeye ni mfanya kazi, na kwamba sheria ya nchi yamjua hivyo. Mwezi huu twapenda kunena habari zake.

Wazee wetu wa Tanganyika walikijua kipande. Mtu aliyeandikwa kazi katika mashamba ya mkonge alipewa kipande cha siku 30, na kila siku aliyoimaliza kazi yake kilitiwa alama; mshahara haukulipwa mpaka siku zote zimetimia. Tena sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka wa 1923 ilimhesabu mtumishi aliyeitoroka kazi kuwa mkosaji, aweza kutozwa faini au kufungwa. Karatasi ilikuwapo basi, lakini ilikuwa ya kumfunga mnyonge, si ya kumlinda.

Siku hizi mambo yamegeuka. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka wa 2004, yamwagiza mwajiri ampe mfanya kazi maandishi yenye jina lake, kazi yake, siku aliyoanza, saa zake na mshahara wake. Ikiwa mfanya kazi hayafahamu maandishi hayo, mwajiri hana budi kuona kwamba ameelezwa kwa namna atakayoifahamu. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma; likizo ni siku 28 kila mwaka, pamoja na mshahara; na mtoto aliye chini ya miaka 14 asiandikwe kazi kamwe. Sheria hii haikumtenga mtumishi wa nyumbani.

Sasa twawasimulia jambo tuliloliona kwa macho yetu. Katika kijiji chetu yuko mama mmoja mjane. Mwaka wa 2014 mkutano wa kijiji ulimtaja miongoni mwa watu wa kusaidiwa na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanzishwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, mwaka wa 2012. Jina lake likaandikwa, akapewa kadi, akawa apokea ruzuku kila baada ya miezi miwili, kwa sharti kwamba watoto wake waende shule na wadogo wapelekwe kliniki. Fedha ile haikuwa nyingi; walakini alinunua madaftari, akanunua na kuku wanne.

Binti yake mkubwa, aliyekwisha kutimia miaka 19, alikwenda mjini mwaka wa 2015 kufanya kazi ya nyumbani. Aliahidiwa shilingi 30,000 kwa mwezi, ijapokuwa amri ya mishahara ya mwaka wa 2013 ilitaja kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mtumishi alalaye katika nyumba ya mwajiri. Hakupewa karatasi yo yote. Alikaa miaka minne. Mwaka wa 2019 akaugua, akapewa nauli tu, akarudishwa kwa mama yake.

Hebu tutazame sheria yasemaje. Mfanya kazi mgonjwa mwenye cheti cha daktari ana haki ya likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika muda wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara mzima, na 63 kwa nusu mshahara. Alipwaye kwa mwezi, akitaka kuachishwa, apewe taarifa ya siku 28, au fedha badala yake. Kadhalika, aliyeachishwa bila kosa alipwe kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka alioutimiza, hata miaka 10. Kwa miaka minne, ni siku 28. Haya yote binti yule hakuyapata, wala hakujua kwamba ni yake.

Je, nani alimtunza? Ni mama yake, kwa ruzuku ile ile. Fedha ya madaftari ya wadogo zake ikawa dawa, kuku wakauzwa. Msaada uliotolewa ili kuinua nyumba ya mjane ukalipa deni la nyumba nyingine yenye mshahara. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba msaada wa maskini na haki ya mfanya kazi ni mafiga ya jiko moja. Likiondolewa moja, chungu chamwagika.

Binti alitujia ilipokwisha pita miezi mitatu. Shauri la kuachishwa kazi hupelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla siku 30 hazijapita, na madai mengine kabla ya siku 60. Tume yaweza kusamehe kuchelewa kwa sababu njema, lakini si vema mtu kulitegemea hilo. Basi tulimwandikia mwajiri barua ya heshima. Alikuwa mwalimu, mtu mwema, tena ajulikanaye kwetu. Akajibu kwamba hakujua kuwa sheria hiyo yamhusu mtumishi wa nyumbani. Alilipa kiinua mgongo kwa mafungu mawili, yaliyosalia hayakulipwa.

Nasi hatukuwa na neno la kumlaumu, maana jioni ile tulimtazama kijana atuchungiaye ng'ombe, tukakumbuka kwamba yeye naye hatujampa karatasi. Tuliona haya. Usiku ule tuliandika nakala mbili, tukamsomea pole pole. Akauliza maswali mawili juu ya likizo, tukayajibu, akatia sahihi.

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho la mtu ni mali. Yatupasa basi kila nyumba yenye mtumishi kuandika karatasi hiyo kabla mwezi huu haujaisha, na kuuliza kwa afisa kazi kima cha mshahara kilichopo, maana amri hizi hubadilishwa. Ile iliyoanza Januari 2023 iliongeza zile 40,000 kuwa 60,000. Na ninyi waalimu, majirani wasiojua kusoma wakiwaletea maandishi yao, msiwaambie warudi kesho. Siku 30 hupita upesi.