Mihna ya Imamu Ahmad: Jinsi Ulimi wa Mwanachuoni Unavyofungwa

Miongoni mwa mitihani mikubwa iliyowapata maulamaa wetu ni ule unaojulikana katika tarekhe kwa jina la Mihna. Tunauangalia hapa kwa sababu unaonyesha wazi njia zinazotumika kumnyamazisha mtu.

Mwaka 218 Hijria (833 Miladia), Khalifa Al-Ma'mun alimwandikia liwali wake wa Baghdad, Is-haq bin Ibrahim, awahoji makadhi na maulamaa: je, wanakiri kuwa Qur'ani imeumbwa?

Njia ya kwanza ilikuwa kuvunja hadhi: asiyekiri, ushahidi wake usipokewe kwa kadhi. Ya pili ni vitisho. Walioitwa mwanzo, akiwemo Yahya bin Ma'in, walikiri kwa ndimi zao. Hatuwalaumu, kwani Sura An-Nahl, aya ya 106, inamtoa lawamani aliyelazimishwa hali moyo wake umetua juu ya imani.

Ya tatu ni minyororo na mijeledi. Imamu Ahmad bin Hanbal na Muhammad bin Nuh walikataa, wakapelekwa kwa Khalifa huko Tarsus. Al-Ma'mun alikufa kabla hawajamfikia, na Muhammad akafariki njiani wakirudishwa. Ahmad alifungwa, kisha akapigwa mbele ya Al-Mu'tasim. Kila alipotaka dalili ya Kitabu au Sunna, alijibiwa kwa mjeledi.

Ya nne ni kumtenga mtu. Zama za Al-Wathiq, Ahmad alizuiwa kukutana na watu. Naye Al-Buwayti, mwanafunzi wa Imamu Shafii ambaye madhehebu yake yanafuatwa na wengi katika mwambao wetu, alifia gerezani Baghdad mwaka 231 Hijria.

Al-Mutawakkil, aliyetawala kuanzia mwaka 232 Hijria, aliikomesha Mihna, lakini naye akaupiga marufuku mjadala wenyewe. Ama Ahmad, imepokewa kuwa alimsamehe Al-Mu'tasim.

Ndugu msomaji, hatusemi kwamba ulimi hauna mipaka. Sharia imeharamisha kusengenya, na anayemsingizia mtu zinaa bila ya mashahidi wanne hupigwa viboko 80. Lakini mipaka hiyo inalinda heshima za watu. Haikuwekwa kulinda rai ya mtawala, wala ya sheikh, wala ya kamati ya msikiti. Anayetukhalifu kwa dalili tumjibu kwa dalili. Tukianza kwa kumfungia mimbari, tutakuwa tumeishika njia ya Is-haq bin Ibrahim, hata kama kauli yetu ndiyo ya haki.

Wallahu a'lam.