MTU SI MZIGO WA KUBADILISHANA

Palizuka mabishano makali hapa Mkuyuni jioni moja, baada ya watu kutoka kazini. Habari zilikuwa zimeenea ya kwamba kijana mmoja mgeni, aliyekuwa akifanya kazi ya kuteremsha samaki, anatafutwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kenya, kwa wizi wa injini za boti. Wenye hasira walisema: apakiwe usiku huu huu, kabla hajatoroka tena, apelekwe alikotoka, nao wa ng'ambo wakitupata na wezi wetu, watuletee. Wao watupe wetu, nasi tuwape wao. Mzee mmoja mvuvi, ambaye yeye mwenyewe amekwisha ibiwa injini mbili, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Na kama siye?"

Swali lile halikujibiwa jioni ile. Nimeona yafaa nilijibu hapa, maana sisi wa kandokando ya ziwa hili twahusika kuliko watu wengi. Maji haya wanayagawana Tanzania, Uganda na Kenya. Sisi tunayo karibu nusu, na Kenya inayo sehemu sita tu katika mia. Samaki hajui mpaka, na mwizi anaujua mpaka ila kwa kuukimbilia.

Kwanza, neno lenyewe. Magazeti na hata wanasheria husema "kubadilishana wahalifu". Neno hili limetuzoea, lakini lina hila ndani yake, kwa sababu kubadilishana ni kazi ya sokoni: debe la mahindi kwa debe la dagaa. Sheria haisemi hivyo hata kidogo. Sheria yasema kumrejesha mtu mmoja, kwa shauri moja, kwa ushahidi wake mwenyewe, hata kama nchi ile nyingine siku hiyo haina mtu wa kutupa.

Sheria yetu katika jambo hili ilitungwa mwaka 1965, nayo sasa ni Sura ya 368 katika vitabu vya sheria za nchi. Kabla yake tulikuwa tukitumia mambo tuliyoachiwa na Waingereza. Mwaka 1961, tulipopata uhuru, Mwalimu Nyerere aliujulisha Umoja wa Mataifa kwamba mikataba tuliyoirithi baina yetu na nchi moja moja itaangaliwa kwa miaka miwili, na ile isiyotufaa itakufa. Mmojawapo uliobakishwa ni mkataba wa kurejesha wahalifu uliotiwa saini London tarehe 22 Desemba 1931 baina ya Uingereza na Marekani. Tanzania na Marekani zilikubaliana mwishoni mwa 1965 uendelee kutumika kwetu.

Mwendo wa sheria hiyo ni huu. Serikali ya nje inayomtaka mtu humwandikia Waziri. Waziri naye hampeleki mtu uwanja wa ndege. Humpelekea hakimu amri, na hakimu ndiye atoaye hati ya kumkamata. Mtu yule husimama kizimbani. Hakimu hamwulizi kama ana hatia, maana hilo litaamuliwa huko aendako. Hujiuliza mambo mengine: je, huyu ndiye anayetafutwa? Je, kosa lenyewe limo katika orodha ya sheria yetu? Je, ushahidi ulioletwa ungetosha kumshitaki hapa Tanzania kama kosa hilo lingetendeka hapa? Jibu likiwa hapana, mtu anakwenda zake. Kwa nchi jirani ambazo Waziri amezitangaza, kwa kuwa nazo zinatutendea vivyo hivyo, njia ni fupi zaidi: hati ya hakimu wa huko hutiwa sahihi na hakimu wa hapa. Lakini hata katika njia hiyo fupi hakimu yupo. Mashua ya usiku haimo katika sheria.

Yako na makatazo. Mtu haruhusiwi kutolewa kwa kosa la siasa, wala kwa kosa la kawaida ambalo limefanywa kisingizio tu cha kumpata kwa sababu ya siasa yake. Wala nchi iliyopewa mtu kwa wizi haina ruhusa kumgeuzia mashitaka mengine ya zamani akishafika.

Sasa nimefika mahali pa uchungu. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali yao. Jaribio lilishindwa siku ile ile, na kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, pamoja na mwenzake Oteyo Okumu, waliwalazimisha marubani kuwarusha mpaka Dar es Salaam. Wakakaa kwetu. Wakati huo huo kwetu nako palikuwa na njama ya kuipindua serikali ya Mwalimu. Wawili wa washitakiwa wa njama hiyo, Hatibu Gandhi aliyeitwa pia Hatty MacGhee, na Pius Lugangira, walitoroka mahabusu ya Keko mwaka 1983 wakakimbilia Kenya. Basi kila nchi ikawa na watu wa mwenzake.

Novemba 1983 watu hao walirudishwa, wa huku wakaenda huku na wa kule wakaja kule. Katika mwezi huo huo Mwalimu Nyerere, Rais Moi na Rais Obote walikutana Arusha, na mpaka wa Tanzania na Kenya, uliokuwa umefungwa tangu Februari 1977, ukafunguliwa. Hapana mtu wa ziwa asiyejua faida ya kufunguliwa kwa mpaka ule, nami siibezi. Lakini yatupasa kuwa wakweli. Kama kupindua serikali si kosa la siasa, basi hakuna kosa la siasa duniani. Sheria ya 1965 ilikuwapo, na katazo lake lilikuwa wazi. Mambo yaliamuliwa na wakubwa wa pande mbili, kama mizani ya sokoni: wenu kwa wetu. Ochuka na Okumu walihukumiwa na kunyongwa Julai 1987. Katika shauri la njama ya kwetu, tisa walihukumiwa kifungo cha maisha Desemba 1985, nao wakaachiliwa kwa msamaha mwaka 1995.

Sisemi kwamba watu wale walikuwa malaika. Walichukua silaha, au walipanga kuzichukua, dhidi ya serikali. Nasema tu ya kwamba hapo neno "kubadilishana" lilipata maana yake kamili, na aliyelipa kwa shingo yake ni mtu aliyekuwa amejiweka mikononi mwetu.

Wako wasemao: ukimpa hakimu nafasi, wahalifu watapona. Nawajibu kwa shauri la Meja Bernard Ntuyahaga wa jeshi la zamani la Rwanda. Huyu alitajwa katika mauaji ya Aprili 1994 mjini Kigali, walipouawa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana na askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilifuta mashitaka yake Machi 1999, naye akakamatwa na polisi wetu, na Rwanda ikamwomba. Uovu uliodaiwa ulikuwa mkubwa kuliko wizi wa injini elfu. Hata hivyo alipelekwa mahakamani Dar es Salaam kama mtu mwingine yeyote, na hakimu akalikataa ombi la Rwanda. Je, alipona? Mwaka 2004 alikwenda mwenyewe Ubelgiji, na mwaka 2007 mahakama ya Brussels ikamtia hatiani kwa kuwaua wale askari kumi, ikamfunga miaka ishirini. Lile la Waziri Mkuu hawakumtia hatiani. Mwaka 2018, kifungo kikiisha, Ubelgiji ikamrudisha Rwanda. Sheria ilikwenda polepole, lakini haikulala.

Na aonaye kwamba haraka ni bora, na atazame Afrika ya Kusini. Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed, aliyetafutwa kwa bomu la ubalozi wa Marekani Dar es Salaam la tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu 11, alikamatwa Cape Town Oktoba 1999. Kwa siku chache tu maofisa wakamkabidhi kwa Wamarekani, bila hakimu, bila ahadi ya kwamba hatauawa. Tarehe 28 Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikatamka kwamba jambo hilo lilikuwa haramu, ikaagiza hukumu yake ipelekwe hima kwa mahakama ya New York iliyokuwa ikimhukumu. Mwishowe alipata kifungo cha maisha, si kifo. Serikali iliyokuwa imejigamba kwa wepesi wake ikabaki na aibu mbele ya mahakama yake yenyewe.

Nilimrudia yule mzee wa Mkuyuni nikamweleza hayo yote, tukiwa tumekaa juu ya mwamba, magari ya Butimba na Nyegezi yakipita chini yetu kwenye Barabara ya Kenyatta. Kijana mgeni alikuwa amekwisha fikishwa polisi, si mashuani, na hilo lilimfurahisha. Lakini mzee ni mtu wa vitendo. Akataka kujua: kijana huyo asiye na ndugu hapa, asiye na fedha ya wakili, hakimu akiamua arudishwe, atafanya nini?

Nikamwambia kwamba kwa ombi lililopitia kwa Waziri, hata hakimu akikubali, mtu haondolewi siku ile. Sheria inampa siku kumi na tano. Ndani ya siku hizo anaweza kuiomba Mahakama Kuu ichunguze kama kushikwa kwake ni halali, na Mahakama Kuu ina masjala yake papa hapa Mwanza. Iko pia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kwa wasio na uwezo wa kuajiri wakili. Na kama miezi miwili ikipita bila ya kuchukuliwa, anaweza kuomba aachiliwe.

Mzee akahesabu siku kumi na tano kwa vidole, akaviona ni vichache. "Na nani atamwambia kwamba siku zimeanza kuhesabiwa?"

Hakimu mwenyewe. Sheria inamtaka amwambie mtu yule, kwa kinywa chake, pale pale kizimbani.