Usanifu kama Njia ya Uchunguzi: Mfano wa Maandishi ya Kinyiramba

Neno usanifu lina kazi mbili katika Kiswahili. Msanifu wa majengo huchora nyumba ambayo bado haijasimama. Kiswahili Sanifu nacho ni lugha iliyochaguliwa, ikapimwa, ikawekewa kanuni. Maana hizo haziko mbalimbali kama zidhaniwavyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, uliofanyika ulikuwa usanifu kwa maana zote mbili. Basi mwanafunzi wa uzamivu atakaye kutunga alfabeti au kamusi haingii katika nchi ngeni. Shida yake ni kuwathibitishia watahini kwamba kutengeneza kwaweza kuwa kuchunguza.

Christopher Frayling, katika makala yake ya mwaka 1993, alitofautisha uchunguzi juu ya usanifu, uchunguzi kwa njia ya usanifu, na uchunguzi kwa ajili ya usanifu. Tofauti hiyo hutajwa mno, na mara nyingi hufanywa kuwa milango mitatu ambayo mwanafunzi hana budi kuingia mmoja na kuifunga miwili. Hivyo sivyo kazi yenyewe itakavyo.

Kiomboi ni makao makuu ya Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Lugha ya Wanyiramba ni ya Kibantu, nayo Guthrie aliitia alama F31. Ina irabu saba, hali Kiswahili kina tano. Tena ina toni. Hata jina lake halijatulia katika maandishi: wengine huandika Kinyiramba, wengine Kinilamba. Frederick Johnson, ambaye ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati iliyotajwa, aliandika Kiniramba katika maelezo na hadithi alizochapisha katika Bantu Studies.

Na tuseme yuko mwanafunzi ambaye tasnifu yake ni kuitungia lugha hii maandishi. Kwanza atanasa sauti na kuthibitisha ni irabu zipi zinazotenga maana. Huo ni uchunguzi kwa ajili ya usanifu. Atapima tahajia za zamani, ya Johnson ikiwamo. Huo ni juu ya usanifu. Lakini hapo bado hajajua aandikeje zile irabu mbili za ziada. Aongeze herufi mpya? Zitakuwa dhahiri, lakini hazipatikani kwa urahisi katika simu za watu. Arudufu herufi za kawaida? Atakosa mahali pa kuonyesha urefu wa irabu. Aziache bila alama? Mtu mzima aijuaye lugha atakisia kwa maana ya sentensi, mtoto atakwama. Maabara ya fonetiki haiwezi kukata shauri hili, kwa kuwa si suala la sauti. Ni suala la msomaji, na msomaji wa Kiomboi alijifunza kusoma kwa Kiswahili. Jicho lake limekwisha kuzoea herufi tano.

Hapo ndipo kutengeneza kunapokuwa kuchunguza. Kila namna ya kuandika hutungiwa matini, watu wakasoma, makosa yakaandikwa, maandishi yakarekebishwa, kisha yakasomwa tena. Lakini msomaji mmoja asipewe matini ile ile mara mbili, kwani mara ya pili atasoma vizuri kwa kuikumbuka tu. Na utaratibu wa kutangulia kwa namna hizo ubadilishwe baina ya wasomaji. Kasi peke yake haitoshi. Yafaa kuangalia mahali msomaji anapositasita au kurudi nyuma, kisha kumwomba asimulie alichosoma. Aandikishwe pia, maana wako wengi wawezao kusoma wasichoweza kukiandika.

Ushahidi wa tasnifu si alfabeti yenyewe. Ni daftari la mabadiliko: tarehe, umbo la awali, sababu ya kuliacha, na mapendekezo yaliyokataliwa. Ann Brown, alipoeleza majaribio ya usanifu madarasani katika mwaka 1992, alionya kwamba mchunguzi mwenye shehena ya kumbukumbu huweza kuokota zile zinazomfaa. Onyo hilo lina uzito zaidi kwa mtu anayepima kitu alichokitunga mwenyewe. Hivyo kipimo cha kufaulu kiandikwe kabla ya jaribio, na wasomaji wasiwe vijana wa mjini peke yao. Watu wakiyakataa maandishi, tasnifu haikuanguka, maadamu yaonyesha kwa nini yalikataliwa. Na hili watahini wengi hulisahau.

Majaribio hayo hayatafuti nafasi katika vipindi vya shule ya msingi ya serikali, ambako hufundishwa kwa Kiswahili. Kwaya za makanisa na vikundi vya watu wazima vyafaa zaidi. Ama wakati, mvua za Singida hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, na watu huwa mashambani. Mwanafunzi mwenye miaka mitatu ana misimu mitatu ya kiangazi; wa kwanza utaliwa na kunasa sauti, na miwili tu itabaki kwa kujaribu na kurekebisha.